Wimbo Uleule, Koo Jingine: Historia ya Bendi za Panki na Posti-Hadikoo Kuimba Upya Nyimbo za Pop, 1976–2017

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna bendi za panki na posti-hadikoo, hasa za Uingereza na Marekani, zilivyoimba upya nyimbo maarufu za pop kuanzia mwaka 1976 hadi 2017. Maelezo yaliyozoeleka huuchukulia uimbaji huo kuwa dhihaka: kijana mwenye hasira anauchanachana wimbo wa wazazi wake. Makala yanaonesha kwamba maelezo hayo yanazifaa nyimbo chache tu. Kwa kutumia dhana ya mwingilianomatini, na kwa kuzingatia maneno yaliyobadilishwa, nafsineni na sauti ya mwimbaji, yanadai kwamba badiliko kubwa katika historia hii limo katika umbali wa wakati baina ya wimbo wa awali na wimbo wa marudio. Bendi za mwanzo ziliimba nyimbo za utoto wao. Bendi za baadaye ziliimba nyimbo za msimu uleule.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha wanamuziki, tendo la kuimba wimbo wa mwingine lina jina la siku nyingi: kupiga kopi. Bendi za dansi za Dar es Salaam na Nairobi zilianza safari zao kwa kupiga kopi za nyimbo za Kikuba na za Kikongo, na neno lenyewe lilibeba lawama kidogo ndani yake, kwa kuwa bendi isiyokuwa na nyimbo zake ndiyo inayopiga kopi za wenzake. Neno hilo halitoshi kwa jambo linalojadiliwa hapa. Anayepiga kopi hujitahidi kufanana na mwenye wimbo, na sifa yake ni kwamba msikilizaji akifumba macho hatambui tofauti. Bendi ya panki inayochukua wimbo wa pop hufanya kinyume. Inataka tofauti isikike tangu pigo la kwanza, lakini inataka pia wimbo utambulike, kwa sababu usipotambulika hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi ya uimbaji upya kwa tendo hilo, na wimbo wa marudio kwa zao lake.

Muziki wa panki unaozungumziwa hapa ni ule uliojitokeza New York na London katikati ya miaka ya 1970: magitaa makali, mwendo wa kasi, nyimbo fupi na sauti isiyofundishwa. Hadikoo ni tawi lake lililozidisha kasi na ukali mwanzoni mwa miaka ya 1980. Posti-hadikoo ilianza Washington katikati ya miaka hiyo, kwa bendi kama Rites of Spring na baadaye Fugazi, zilizobakiza ukali lakini zikaruhusu mwendo kubadilika na hisia za ndani kusemwa waziwazi. Baada ya mwaka 2000 jina hilo lilipewa bendi za vijana zinazochanganya sauti laini katika kiitikio na mngurumo katika beti. Mashabiki wa Fugazi wamelalamikia sana matumizi hayo mapya ya jina, na wana haki. Hata hivyo jina limeshashika, na historia ya maneno haiendeshwi kwa haki.

2.0 Sheria iliyofungua mlango

Uimbaji upya usingeenea kama kila bendi ingelazimika kumpigia magoti mwenye wimbo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliweka leseni ya lazima: wimbo ukisharekodiwa na kuuzwa kwa idhini ya mwenyewe, mtu mwingine yeyote anaweza kuurekodi bila kuomba ruhusa, mradi amlipe mwenye wimbo kiwango kilichowekwa. Kiwango hicho kilikuwa senti 2 kwa kila nakala, na kilibaki hapo hadi mwanzoni mwa mwaka 1978, sheria mpya ilipoanza kutumika na kukipandisha hadi senti 2.75. Sheria hiyo mpya iliongeza jambo linaloihusu mada hii moja kwa moja. Mwimbaji mpya anaruhusiwa kuupanga wimbo kwa mtindo wake, lakini haruhusiwi kubadili melodi ya msingi wala sifa ya kimsingi ya kazi. Kasi, ukali na kelele ni mtindo. Maneno ni suala jingine.

Ikumbukwe kwamba anayelipwa kwa leseni hiyo ni mtunzi na mchapishaji wake. Mwimbaji wa awali, ambaye sauti yake ndiyo iliyoupa wimbo umaarufu, hapati kitu. Pengo hili lina historia chungu. Katika miaka ya 1950 kampuni za Marekani ziliwapa waimbaji weupe nyimbo za waimbaji weusi ili wauze kwa redio zisizopiga muziki wa watu weusi. Pat Boone alifika kileleni mwa chati mwaka 1955 kwa wimbo wa Fats Domino, na mwaka uliofuata akaimba "Tutti Frutti" ya Little Richard. Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuukumbuka "Malaika", ulioimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 na Boney M., ilhali mjadala wa nani hasa aliutunga haujazima hadi leo. Jina lililoandikwa kwenye fomu ndilo linalopokea fedha.

3.0 Nyimbo za utoto, 1976–1980

Albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka Aprili 1976. Katikati ya nyimbo zao wenyewe waliweka "Let's Dance", wimbo wa kucheza wa Chris Montez wa mwaka 1962, wakaumaliza kwa chini ya dakika mbili. Albamu ya pili, Januari 1977, ilikuwa na "California Sun", uliovuma mwaka 1964. Ya tatu, mwishoni mwa 1977, ilikuwa na nyimbo mbili za aina hiyo: "Do You Wanna Dance?" wa Bobby Freeman wa mwaka 1958, na "Surfin' Bird" wa The Trashmen wa mwaka 1963. Vijana hawa wa Queens, New York, walizaliwa kati ya 1948 na 1952. Nyimbo hizo ndizo zilizokuwa redioni walipokuwa na umri wa kati ya miaka sita na kumi na sita.

Hesabu hiyo inatosha kuutia shaka usomaji wa dhihaka. Ramones hawakuchagua nyimbo zilizotawala chati za mwaka 1976. Waliruka nyuma zaidi ya muongo mmoja, wakazipita nyimbo ndefu za roki zenye gitaa la solo la dakika kumi, wakatua kwenye nyimbo fupi za kucheza ambazo wakosoaji wa wakati wao walizihesabu kuwa za kitoto. Kwao uimbaji upya ulikuwa hoja ya nasaba. Walikuwa wanasema kwamba muziki wao haukutoka kusikojulikana, na kwamba ukoo wake ni pop ya kabla ya roki kujivika heshima. Beti, kiitikio na melodi viliachwa kama vilivyo. Kilichobadilika ni kasi na uzito wa gitaa, mambo ambayo sheria iliyatambua kuwa mtindo.

Ushahidi mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1980. Ramones walifanya kazi na Phil Spector, mtayarishaji aliyeshiriki kutunga "Baby, I Love You" na kuurekodi na The Ronettes mwaka 1963. Wimbo wao wa marudio ulijaa vinanda, na katika bendi nzima ni mwimbaji Joey Ramone pekee aliyesikika. Ulifika nafasi ya 8 Uingereza, juu kuliko wimbo wao mwingine wowote katika chati hiyo. Mashabiki wengi waliuona kuwa usaliti, lakini ukisikilizwa pamoja na nyimbo za mwaka 1977 unaonesha bendi ileile ikisema wazi kile ilichokuwa imekisema kwa kelele. Na mtunzi aliyelipwa kwa marudio hayo alikuwa yuleyule aliyeketi studioni akiongoza kazi. Kwa waimbaji wa The Ronettes leseni haikuwa na fungu.

Uingereza mambo yalikuwa na uchachu zaidi. Singo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya panki ya Kiingereza, "New Rose" ya The Damned, ilitoka Oktoba 1976. Upande wake wa pili ulikuwa na "Help!" ya The Beatles, iliyopigwa kwa kasi inayomfanya mwimbaji kukosa pumzi. Hapa dhihaka ipo, lakini kuna jambo jingine ambalo mtafiti wa lugha hawezi kulipita. Maneno ya wimbo wa mwaka 1965 ni ombi la mtu aliyezidiwa, na The Beatles waliliimba kwa utulivu uliolificha ombi hilo. Kasi ya The Damned inaliondolea ombi adabu yake. Hakuna neno lililobadilishwa, lakini nafsineni amebadilika. Wa kwanza anaomba msaada akiwa ameketi, wa pili anaomba akikimbia.

The Slits, bendi ya wanawake, waliirudia mwaka 1979 "I Heard It Through the Grapevine", wimbo wa Norman Whitfield na Barrett Strong ambao Marvin Gaye aliupa umaarufu mwaka 1968. Nao walifuata njia hiyo. Uvumi unaomuumiza mwanamume katika sauti ya Gaye unageuka, katika midomo ya wanawake vijana, kuwa jambo la kuchekea na kulipizia.

Ni vyema kuongeza hapa tofauti ambayo haijaandikwa sana. Panki ilipoimba upya pop iliufupisha wimbo. Ilipoimba upya rege iliurefusha. The Clash, katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1977, waliupa wimbo wa Junior Murvin "Police and Thieves" takribani dakika sita, katika albamu ambayo nyimbo nyingi hazifiki tatu. Pop ilikuwa ya kwao, nao wakaichezea wapendavyo. Katika rege walikuwa wageni, nao wakakaa kwa adabu.

4.0 "My Way": wimbo wa lugha tatu

Wimbo unaotajwa kuliko yote wakati wa kuthibitisha kwamba panki ilibeza pop ni "My Way" wa Sid Vicious wa Sex Pistols, uliorekodiwa Paris na kutolewa kwa singo katikati ya mwaka 1978. Historia yake ni ndefu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1967 Claude François aliurekodi Ufaransa kwa jina la "Comme d'habitude", wimbo wa ndoa iliyopoa, ambapo mume na mke hutimiza ratiba za kila siku bila kupendana. Paul Anka alipata haki ya melodi, lakini hakutafsiri maneno. Aliandika maneno mapya kabisa ya Kiingereza kuhusu mtu mzima anayekaribia mwisho wa maisha na kujisifu kwamba aliishi kwa hiari yake. Frank Sinatra aliurekodi mwishoni mwa Desemba 1968. Nchini Uingereza wimbo huo ulikaa wiki 75 katika orodha ya nyimbo 40 bora.

Kabla Vicious hajaugusa, kwa hiyo, wimbo ulikuwa umeshahamishwa lugha na umeshabadilishwa maana. Mada ya mazoea yanayoua mapenzi ilikuwa imegeuzwa kuwa mada ya fahari. Vicious aliongeza hatua ya tatu. Anaanza kwa kumwigiza mwimbaji wa ukumbini, kwa sauti nzito ya bandia juu ya vinanda, kisha magitaa yanaingia na kila kitu kinaongeza kasi. Baadhi ya mishororo aliibadilisha, akatia matusi na majigambo ya mauaji. Katika filamu iliyotoka mwaka 1980 anaonekana akimaliza wimbo kwa kuwafyatulia risasi watazamaji.

Dhihaka ni dhahiri, na makala haya hayaikani. Lakini anayedhihakiwa ni nani? Si melodi, kwa kuwa inabaki na inasisimua hata katika toleo hili. Si Claude François, ambaye wasikilizaji wengi wa Uingereza hawakumjua. Kinachodhihakiwa ni dai la nafsineni wa Anka kwamba mtu huweza kuyatazama maisha yake yote kutoka mwisho na kuyahesabia faida. Vicious alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushei, na bendi yake ilikuwa imeshavunjika Januari 1978. Alifariki tarehe 2 Februari 1979, akiwa na miaka 21. Wimbo wa mzee anayekumbuka uliimbwa na mtu ambaye hakupata uzee wa kukumbuka, na ulifika nafasi ya 7 katika chati ya nchi ileile iliyouenzi kwa wiki 75. Mara nyingi hutokea kwamba ukali wa marudio unazidi nia ya mwimbaji. Huu ni mfano mmojawapo.

5.0 Sonny Curtis, mtunzi wa pande mbili

Sonny Curtis wa Texas, mwanamuziki wa The Crickets, aliandika "I Fought the Law", ambao bendi yake iliutoa mwaka 1960 na ambao The Bobby Fuller Four waliuvumisha mwaka 1966. Nafsineni ni mfungwa anayevunja mawe juani. Aliiba kwa kuwa hakuwa na pesa, akashindwa na sheria, na sasa anamkumbuka mpenzi wake. The Clash waliutoa Mei 1979 bila kugeuza maudhui yake. Katika sauti yao mfungwa anakuwa mtu wa tabaka, na kushindwa kwake kunasikika kama ahadi ya kujaribu tena.

Mwezi huohuo, San Francisco, baraza la wazee wa mahakama lilitoa uamuzi uliobadilisha historia ya wimbo huu. Dan White, aliyekuwa diwani wa mji huo, aliingia katika jengo la serikali ya mji tarehe 27 Novemba 1978 akamuua kwa risasi meya George Moscone, kisha diwani Harvey Milk, mmoja wa watu wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa katika wadhifa wa umma akiwa amejitangaza wazi kuwa shoga. White alikuwa pia polisi wa zamani. Tarehe 21 Mei 1979 alitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia badala ya kuua kwa kukusudia, na usiku huo ghasia zilizuka mjini. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha miaka 7 na miezi 8. Aliachiliwa Januari 1984.

Dead Kennedys, bendi ya panki ya mji huohuo, waliuchukua wimbo wa Curtis wakaandika upya beti zake na kiitikio chake. Toleo lao limo katika mkusanyiko wa mwaka 1987. Melodi ni ileile, lakini nafsineni sasa ni muuaji mwenyewe. Hajuti. Anasimulia namna cheo, marafiki na mawakili walivyomwokoa, na kiitikio kinageuzwa mgongo ili aliyeshinda awe yeye na iliyoshindwa iwe sheria. Anayeujua wimbo wa awali husikia viitikio viwili kwa pamoja, cha maskini aliyeiba akashindwa na cha mwenye cheo aliyeua akashinda, na uchungu unatokana na kulinganisha. Huu ndio mwingilianomatini katika hali yake kali kabisa. Matini mpya haina nguvu pasipo ile ya zamani kusimama nyuma yake kama shahidi.

Hapa pia mpaka wa sheria ulivukwa. Leseni ya lazima inaruhusu kubadili mtindo, ilhali beti mpya zinagusa sifa ya kimsingi ya kazi, na anayezitaka hutegemea ridhaa ya mwenye wimbo au hoja ya parodia. Hoja hiyo ilikuja kupata nguvu mwaka 1994, Mahakama Kuu ya Marekani ilipokubali kwamba parodia ya kibiashara ya 2 Live Crew, iliyotokana na wimbo wa Roy Orbison, inaweza kuwa matumizi halali.

Curtis huyohuyo aliandika pia "Love Is All Around", wimbo wa kufungulia tamthilia ya televisheni ya Mary Tyler Moore, iliyoonyeshwa kuanzia 1970 hadi 1977 na ambayo hadithi yake ilitendeka Minneapolis. Mwaka 1985 Hüsker Dü, bendi ya hadikoo ya eneo hilohilo la Minnesota, waliuimba upya kwa furaha isiyo na kejeli inayosikika. Ulikuwa wimbo wa mji wao, ulioandikwa na mtu wa Texas kwa ajili ya televisheni ya taifa zima, nao waliurudisha nyumbani. Mtunzi mmoja, basi, alitoa wimbo wa muuaji wa San Francisco na wimbo wa kuupenda mji wa Minneapolis.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Hüsker Dü walikuwa wametoa singo ya "Eight Miles High", wimbo wa The Byrds wa mwaka 1966. Katika toleo hilo Bob Mould anaanza kwa maneno na kumalizia kwa mayowe. Silabi zinapoteza konsonanti, vokali zinanyooshwa hadi zinavunjika, na mwishoni hakuna kauli inayoweza kuandikwa. Wachambuzi wa fasihi simulizi wanaijua hali hii katika maombolezo, mahali ambapo neno huanza kusemwa kisha kilio huchukua nafasi yake. Mtindo wa sauti wa posti-hadikoo ya miaka ya 2000 unaanzia, kwa kiasi kikubwa, katika rekodi za namna hii.

6.0 Kibandiko cha gari

Miaka ya 1990 ilileta bendi zilizofanya uimbaji upya kuwa kazi yao yote. Iliyojulikana zaidi ni Me First and the Gimme Gimmes, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1995 na wanamuziki wa NOFX, Lagwagon na bendi nyingine. Kila albamu yao ilikuwa na kundi lake: nyimbo za miaka ya 1970 (albamu ya mwaka 1997), nyimbo za tamthilia za jukwaani (1999), nyimbo za miaka ya 1960 (2001). Mwaka 2004 walitoa albamu iliyorekodiwa kwenye sherehe halisi ya Kiyahudi ya kijana kutimiza miaka kumi na mitatu. Ni muziki wa kuchekesha na wenye ustadi, lakini kihistoria hauongezi mengi. Ni hoja ya Ramones iliyogeuzwa kuwa mchezo.

Goldfinger walifanya jambo la kuvutia zaidi mwaka 2000 walipoimba upya wimbo wa Nena wa Ujerumani kuhusu maputo yanayosababisha vita. Waliimba kwa Kiingereza, kisha wakaingiza ubeti mmoja wa Kijerumani, lugha ya wimbo wenyewe. Toleo la Kiingereza la mwaka 1984 lilikuwa limeifuta lugha hiyo. Bendi ya panki ya California ndiyo iliyoirejesha mbele ya wasikilizaji ambao wengi wao hawakuielewa.

Mfano wenye uzito zaidi wa kipindi hiki ni "The Boys of Summer". Don Henley aliutoa mwaka 1984. Ni wimbo wa mtu anayetambua kwamba ujana umepita, na picha yake maarufu ni gari la kifahari aina ya Cadillac lenye kibandiko cha mashabiki wa Grateful Dead, bendi ya mahipi. Waasi wa miaka ya 1960 wametajirika. The Ataris wa Indiana waliuimba upya mwaka 2003 wakabadilisha jina la bendi iliyo kwenye kibandiko, na sasa ni Black Flag, bendi ya hadikoo ya California ya mwaka 1976 hadi 1986. Wimbo ulifika nafasi ya 20 Marekani.

Badiliko hilo dogo linabeba historia nzima. Mwaka 1984, Henley alipokuwa akilicheka gari lile, Black Flag walikuwa bado wakizunguka nchi kupiga katika kumbi ndogo. Kufikia 2003 shabiki wao wa wakati ule alikuwa na umri wa kutosha, na pengine fedha za kutosha, kuendesha Cadillac. Panki iliyojitangaza kuwa adui wa mahipi waliozeeka imewekwa mahali palepale walipowekwa mahipi, na aliyeiweka hapo ni bendi ya panki. Hakuna toleo lingine katika historia hii ambapo wimbo wa marudio unamhukumu mwimbaji wake kwa ukali kiasi hicho, tena kwa kubadili jina moja tu.

7.0 Nyimbo za msimu uleule, 2002–2017

Kampuni ya Fearless Records ya California ilianza mwaka 2000 mfululizo wa mikusanyiko ya nyimbo za marudio. "Punk Goes Pop" ya kwanza ilitoka 2002, ikiwa na Further Seems Forever wakiimba "Bye Bye Bye" ya NSYNC, wimbo wa miaka miwili tu nyuma. Ya pili ilitoka 2009, na matoleo yaliendelea hadi la saba mwaka 2017. Kampuni yenyewe ilikuwa imenunuliwa na Concord, shirika kubwa la muziki, mwaka 2015.

Toleo la mwaka 2009 ndilo linalodhihirisha badiliko. Silverstein wa Kanada waliimba "Apologize", uliovuma mwaka 2007. Attack Attack! wa Ohio waliimba "I Kissed a Girl" wa Katy Perry wa mwaka 2008. Umbali wa miaka kumi na zaidi uliokuwa baina ya Ramones na nyimbo zao umefupishwa hadi mwaka mmoja au miwili. Wimbo wa marudio hauelezi tena ukoo wa bendi. Bendi inayojulikana na wachache inajibandika kwenye jina linalotafutwa na wengi, na katika miaka ambayo vijana walitafuta muziki kwa kuandika jina la wimbo kwenye YouTube, njia hiyo ilikuwa na maana ya kibiashara. Si kosa kwa bendi changa kutafuta wasikilizaji. Ila dai la kwamba hii ni panki "kuivamia" pop, kama majina ya mfululizo huo yanavyodokeza, halisimami. Aliyevamiwa ni panki.

Kimuundo nyimbo hizi hufuata kanuni moja. Kiitikio huachwa kwa sauti laini, takribani kama kilivyoimbwa awali, kwa sababu ndicho kinachotambulisha wimbo. Mngurumo hupewa beti, na karibu na mwisho huingizwa sehemu ya mapigo mazito ya polepole ambayo wasikilizaji ukumbini huisubiri. Sheria inabaki salama, melodi inabaki, mtindo unabadilika. Kinachopotea mara nyingi ni nafsineni. Katika wimbo wa Perry ujasiri wote umo katika ukweli kwamba mwanamke ndiye anayesimulia kumbusu mwanamke. Maneno hayohayo yakiimbwa na mwanamume hayana tena cha kuthubutu. The Slits, miaka thelathini kabla, walijua kwamba kubadili jinsia ya sauti ni kubadili wimbo. Attack Attack! hawaoneshi dalili ya kulijua hilo.

August Burns Red wa Pennsylvania, katika toleo hilohilo, walichukua wimbo wa mwaka 1998 uliomtambulisha Britney Spears kwa ulimwengu, nao unastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Mtunzi wake, Max Martin, ni Mswidi, na inaelezwa sana kwamba alikitumia kitenzi cha Kiingereza kilicho katikati ya kiitikio akiamini kwamba vijana wa Marekani hukitumia kwa maana ya kupiga simu. Wasemaji wazawa walisikia pigo la mkono. Kundi la TLC liliukataa wimbo huo, na hata baada ya kuvuma, kitenzi hicho kilizua maswali.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kulicheka tatizo hili, kwa kuwa lugha yake hutumia kitenzi hichohicho kwa mambo yote mawili na bado ina njia ya kuyatenganisha. "Nipige" na "nipigie" zinatofautishwa na kiambishi kimoja cha kauli ya kutendea, na hakuna msichana wa Mombasa au Morogoro anayeweza kuomba simu akaeleweka kuwa anaomba kofi. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Katika sauti laini ya Spears, utata uliweza kufunikwa na toni ya kubembeleza, na msikilizaji mwenye nia njema akaelewa kwamba anaombwa kurudi. August Burns Red wanakiimba kiitikio hicho kwa mngurumo, na kifuniko kinaondoka. Toni haiwezi tena kumwongoza msikilizaji kuelekea kwenye simu. Maana ambayo mtunzi Mswidi hakuikusudia, na ambayo mwimbaji wa kwanza aliificha kwa sauti yake, ndiyo pekee inayosikika.